Barua ya Wazi kwa Magavana wa Benki Kuu na Mawaziri wa Fedha: Mshindani Mnayemwogopa Mmemlea Wenyewe

Waheshimiwa,

Kama sarafu za kripto, yaani fedha za kidijitali zisizotolewa na benki kuu, zinaweza kushindana na njia za malipo tulizozizoea ni swali lililoulizwa mbele yenu mpaka limechosha. Baadhi yenu hujibu kwamba kripto ni kamari tupu, ipigwe marufuku. Wengine hujibu kwamba ndiyo fedha ya kesho, na nchi itakayochelewa itajuta. Majibu haya yanapingana, lakini yana kasoro moja inayofanana: yote mawili yanaijadili kripto, na hakuna hata moja linaloigusa mifumo ya malipo mnayoisimamia ninyi.

Mimi ni mhasibu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kulipa watu walio nchi nyingine na kupokea malipo ya wateja walio nchi nyingine, kisha kuhakikisha kwamba kilichotoka upande huu ndicho kilichofika upande ule. Siuzi sarafu ya mtu yeyote, na hakuna benki iliyonituma. Nasema ninachokiona kwenye vitabu vya hesabu.

Nianze na upande ambao kripto imeshindwa, maana hapo sina maneno mengi. Satoshi Nakamoto alipotoa andiko lake la kurasa tisa Oktoba 2008, aliielezea Bitcoin kuwa fedha taslimu za kielektroniki, zitakazotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila benki kati yao. Mtandao ulianza kazi Januari 2009. Zaidi ya miaka 15 baadaye, watu wengi wanaomiliki Bitcoin hawalipii chochote kwayo. Wameiweka wakisubiri bei ipande, na huwezi kuwalaumu. Novemba 2021 bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Muuzaji aliyepokea malipo siku ile na kuyaacha yalivyo alipoteza zaidi ya robo tatu ya thamani. Na mnunuzi anayeamini bei itapanda ana sababu gani ya kuitoa leo? Fedha ambayo mwenye nayo hataki kuitoa, na anayepewa anaogopa kukaa nayo, haiwezi kuwa chombo cha malipo.

Ongezeni hapo ufinyu wa mtandao wenyewe. Bloku mpya, yaani kifurushi cha miamala iliyothibitishwa, hupatikana kwa wastani wa kila dakika kumi, na mtandao mzima hubeba takriban miamala saba kwa sekunde. Watu wakijazana, anayetaka kupita kwanza hulipa ada kubwa zaidi. Desemba 2017 kampuni ya Valve, inayouza michezo ya kompyuta kupitia Steam, iliacha kupokea Bitcoin na kueleza kwamba ada ya muamala mmoja ilikuwa imefika karibu dola 20, wakati ilipoanza kuipokea ilikuwa kama senti 20. Baadaye wakaja wajenzi wa Lightning, mfumo unaobeba miamala midogo nje ya mnyororo mkuu wa bloku, nao unafanya kazi kwa haraka na kwa ada ndogo. Ila haukuondoa tatizo la bei kuyumba.

El Salvador ilifanya jaribio ambalo hakuna mchumi angeweza kuliandaa. Septemba 2021 iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali, ikawataka wafanyabiashara waipokee, ikatoa pochi ya simu iitwayo Chivo na kumpa kila aliyejiunga dola 30 za Bitcoin. Watafiti waliowahoji wananchi mwaka 2022 walikuta wengi waliojiunga walitumia zile dola 30 na hawakurudi tena. Januari 2025, baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo wa dola bilioni 1.4, bunge liliondoa sharti la kuipokea. Jamhuri ya Afrika ya Kati nayo iliipitisha Bitcoin kisheria mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikaifuta. Mkitaka kujua kama amri ya serikali inaweza kuifanya Bitcoin iwe fedha ya kununulia mahitaji ya kila siku, jibu mnalo tayari.

Basi kama mambo yangeishia hapo, nisingeandika barua hii.

Yameendelea kwa sababu ya aina nyingine ya kripto, ile ambayo thamani yake imefungwa kwenye fedha ya serikali, mara nyingi dola moja kwa sarafu moja. Nitaziita sarafu thabiti, ingawa uthabiti wake nitaugusa baadaye. Tether ilianza mwaka 2014, USDC ikafuata mwaka 2018, na kufikia mwaka 2025 jumla ya sarafu za namna hii zilizokuwa mikononi mwa watu ilipita dola bilioni 200. Hizi hazina tatizo la bei kupanda na kushuka kila wiki. Zinatumwa Jumapili usiku kama zinavyotumwa Jumanne asubuhi, zinafika kwa dakika chache au sekunde, na katika mitandao mingi ada ya kutuma haibadiliki kwa ukubwa wa kiasi.

Hapo ndipo mshindani wa kweli alipo. Na tazameni amechagua kushindana wapi. Hakwenda kupigania malipo ya ndani katika nchi ambazo mfumo wa malipo ya papo kwa papo unafanya kazi. Amekwenda mpakani, kwenye fedha zinazovuka kutoka nchi moja kwenda nyingine. Hamkuulinda mpaka huo.

Mnajua jinsi malipo ya nje yanavyokwenda, lakini niruhusuni niyaeleze kama anavyoyaona mtu wa chini. Benki yangu mara nyingi haina akaunti kwenye benki ya ninayemlipa. Kwa hiyo inapitia benki ya kati, na pengine hiyo ya kati inapitia nyingine. Kila mmoja ana saa zake za kufunga, sikukuu zake, ukaguzi wake wa majina na ada yake. Fedha zenyewe hazisafiri: kinachosafiri ni ujumbe, na kila benki inapunguza akaunti hii na kuongeza ile. Ili jambo hilo liwezekane, mabenki lazima yaweke fedha mapema kwenye akaunti za wenzao ng'ambo, fedha zinazokaa tu zikisubiri kazi, na gharama ya kukaa kwake analipa mteja. Kisha kuna bei ya kubadilisha fedha. Ada iliyoandikwa kwenye fomu ni ndogo; faida kubwa imefichwa kwenye tofauti kati ya bei ya soko na bei niliyopewa, na tofauti hiyo haiandikwi popote.

Nimewahi kutuma malipo ya mkandarasi yakarudi baada ya siku nyingi kwa sababu herufi moja ya jina ilikosewa. Yalirudi yamepungua. Benki ya kati, ambayo sikuwahi kufungua akaunti nayo wala kusaini nayo karatasi, ilikuwa imekata ada ya kwenda na ada ya kurudi. Niliuliza nilalamike wapi. Nikaambiwa niiulize benki yangu. Benki yangu ikasema ada ile si yake. Hii ndiyo njia ya malipo iliyozoeleka, na inastahili kuchunguzwa kwa ukali uleule mnaoichunguzia kripto.

Takwimu si siri. Benki ya Dunia hufuatilia gharama ya kutuma dola 200 kwa ndugu walio nchi nyingine, na wastani wa dunia umeganda zaidi ya asilimia 6. Malengo ya Maendeleo Endelevu yalitaka ushuke chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Nchi za G20 ziliweka mpango wa malipo ya kuvuka mipaka mwaka 2020, zikajipa lengo kwamba kufikia mwisho wa 2027 robo tatu ya malipo hayo yafike ndani ya saa moja. Malengo mazuri. Hata hivyo, mtu anayekatwa asilimia 6 leo hawezi kula lengo.

Sasa, msidhani nimekuja kuwasifia wauza sarafu. Hesabu zao nazo zina mashimo, na naona wanahabari wengi wanazimeza bila kutafuna. Wanapotangaza kwamba sarafu thabiti zilibeba matrilioni ya dola kwa mwaka na kuyalinganisha na mitandao ya kadi, wanachanganya vitu visivyolingana. Sehemu kubwa ya mizunguko hiyo ni biashara ya sarafu kwa sarafu, roboti zinazotumiana, na kampuni moja kuhamisha fedha kutoka pochi yake moja kwenda nyingine. Muamala wa kadi kwa kawaida ni mtu amenunua kitu.

Vilevile ada ya "chini ya dola moja" ni ya katikati ya safari tu. Mtumaji lazima kwanza abadilishe mshahara wake kuwa sarafu, na mpokeaji lazima aibadilishe sarafu kuwa fedha inayolipa kodi ya nyumba. Ncha hizo mbili zina bei zake, na katika nchi ambazo wanunuzi wa sarafu ni wachache, ncha ya mwisho inaweza kumeza akiba yote iliyopatikana katikati. Mimi nikipiga hesabu ya gharama, napiga kutoka mkononi hadi mkononi. Yeyote anayewaletea hesabu ya katikati peke yake, awe wa benki au wa kripto, mrudisheni akamalizie.

Kuna jambo la pili, nalo linanisumbua zaidi ya ada. Kadi ikitumiwa na mwizi, kuna utaratibu wa kupinga muamala na kurudishiwa fedha. Ni wa polepole na unaudhi, lakini upo. Sarafu ikitumwa kwenye anwani isiyo sahihi, imekwenda. Ufunguo wa siri, yaani msimbo unaokuruhusu kuitoa sarafu yako, ukipotea, hakuna ofisi ya kwenda kuapa kwamba wewe ndiye mwenye mali. Na ukimwachia mtu mwingine akutunzie ufunguo, umerudi kwenye kuamini taasisi, tena bila bima ya amana. Waliomwamini Mt. Gox mwaka 2014 na waliomwamini FTX Novemba 2022, masoko ya kripto yaliyoanguka na fedha za wateja, walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Wapenzi wa kripto husema muamala usioweza kurudishwa ni sifa. Kwa mfanyabiashara aliyechoka na wateja wanaopinga malipo halali, ni sifa kweli. Kwa mzee aliyetapeliwa kwa simu, si sifa.

Na huo uthabiti? TerraUSD ilidai kushikilia dola moja kwa kanuni za programu na sarafu dada iitwayo Luna, bila dola halisi nyuma yake. Mei 2022 zote mbili ziliporomoka ndani ya siku chache na zaidi ya dola bilioni 40 za thamani zikayeyuka. Tether ilitozwa faini ya dola milioni 41 na mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa, mwaka 2021, baada ya kubainika kwamba katika kipindi cha miezi 26 kilichochunguzwa, kati ya 2016 na 2018, ilikuwa na akiba kamili ya dola kwa asilimia 27.6 tu ya siku. Siku nyingine zote, mwenye sarafu alikuwa anaamini neno.

Kisa cha USDC ndicho ningependa mkisome mara mbili. Machi 2023 ilishuka hadi karibu senti 87 za dola. Hakuna mdukuzi aliyeingia, hakuna programu iliyovunjika. Dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa zimewekwa Silicon Valley Bank, na benki hiyo ikaanguka. Sarafu ilirudi kwenye dola moja baada ya serikali ya Marekani kutangaza kwamba wenye amana wote wa benki hiyo watalipwa. Yaani sarafu iliyoundwa kukwepa mabenki iliyumbishwa na benki, kisha ikaokolewa na tangazo la serikali. Kila ninaposikia kwamba mifumo hii miwili ni maadui, nakumbuka wikendi ile. Isitoshe, Visa ilianza kujaribu kulipana kwa USDC mwaka 2021, na Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, ikainunua Bridge, kampuni ya miundombinu ya sarafu thabiti, kwa dola bilioni 1.1. Washindani wamekwisha kuoana. Ninyi bado mnajadili kama wasalimiane.

Kuhusu marufuku nitasema kifupi. Nigeria iliyaamuru mabenki yake Februari 2021 yafunge akaunti za wanaofanya biashara ya kripto. Biashara haikufa; ilihamia kwa watu kuuziana wao kwa wao, mahali ambapo msimamizi haoni kitu. Desemba 2023 amri hiyo ililegezwa. Katikati ya hapo, Oktoba 2021, benki kuu ilikuwa imezindua sarafu yake ya kidijitali, eNaira, na uchambuzi uliotolewa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 98.5 ya pochi zake hazikuwa zikitumika katika wiki ya kawaida. Kufungia njia ya wengine na kujenga yako ambayo haimtatulii mtu shida yoyote, matokeo yake ni hayo.

Linganisheni na waliofanya kazi ya kuchosha. India ilizindua UPI mwaka 2016, mfumo mmoja ambao benki na programu za malipo huzungumza lugha moja, na kufikia Agosti 2023 ulikuwa unabeba zaidi ya miamala bilioni 10 kwa mwezi. Brazil ilizindua Pix Novemba 2020. Benki kuu yenyewe iliujenga, ikazilazimisha taasisi kubwa zijiunge, ikaweka kwamba mtu binafsi hatozwi kutuma, na kwamba fedha zifike ndani ya sekunde, saa 24, siku zote za mwaka. Katika nchi hizo mbili, mtu akija kuwaambia wananchi kwamba kripto inatuma fedha haraka na kwa bei nafuu ndani ya nchi, watamwuliza haraka kuliko nini? Nchini Brazil mabenki makubwa hayakuachiwa hiari. Yalilazimishwa na ofisi kama zenu.

Kwa hiyo ninayowaomba ni haya, na nayaandika kwa utaratibu wa uzito wake kwangu.

Kwanza kabisa, bei. Kila anayebadilisha na kutuma fedha nje, awe benki, wakala au kampuni ya kripto, aandike namba moja kabla mteja hajakubali: nikitoa kiasi hiki, mpokeaji atashika kiasi gani mkononi. Tofauti ya bei ya kubadilisha ihesabiwe kuwa ada. Sharti hili halihitaji teknolojia yoyote mpya wala mkutano wa kimataifa. Linahitaji waraka mmoja wenye saini, na linaweza kufanya kazi ndani ya miezi. Sijawahi kusikia sababu ya maana ya kulichelewesha, isipokuwa kwamba wanaonufaika na giza hukaa karibu nanyi kuliko wanaolipa.

Pili, unganisheni mifumo yenu ya papo kwa papo. India na Singapore ziliunganisha UPI na PayNow, mfumo wa papo kwa papo wa Singapore, Februari 2023, mtu akatuma kwa namba ya simu kutoka nchi moja hadi nyingine. Najua ugumu wake: nani anabeba hatari ya ubadilishaji, nani anakagua majina, sheria ya nchi gani itatumika mgogoro ukitokea. Ni kazi ya wanasheria zaidi ya wahandisi. Lakini kila jozi ya nchi itakayounganishwa itapunguza sababu ya mtu kukimbilia sarafu ya kampuni binafsi. Na fungueni mifumo hiyo kwa kampuni za malipo zisizo benki, kwa masharti, zisilazimike kupitia mlango wa washindani wao.

Tatu, sarafu thabiti zisimamiwe kama ahadi ya kulipa, maana ndivyo zilivyo. Umoja wa Ulaya umeanza kutumia kanuni zake kwa sarafu hizi tangu Juni 2024, na Marekani ilipitisha sheria yake Julai 2025. Zinatofautiana kwa mengi, lakini zinakubaliana kwenye msingi: akiba kamili ya mali inayouzika haraka, taarifa za mara kwa mara kuhusu akiba hiyo, na mwenye sarafu arudishiwe fedha yake kwa thamani kamili. Msianze kuandika upya yaliyokwisha kuandikwa. Ongezeni moja tu ambalo naona limeachwa nyuma: mtumiaji aliyeibiwa au aliyekosea awe na mahali pa kulalamika penye muda maalumu wa kujibiwa.

Kwa wale wenu ambao fedha ya nchi yenu si dola, kuna uzito wa ziada ambao sheria za Marekani hazitawabebea. Karibu sarafu thabiti zote zimefungwa kwenye dola. Mwananchi anayeogopa mfumuko wa bei sasa anaweza kuhamia dola kwa simu, bila kuingia benki na bila kuwaomba ruhusa. Mkiiona hatari hiyo mkakimbilia kuzuia simu, mtashindwa kama walioshindwa. Watu hawaikimbii fedha inayotunza thamani yake na inayotumwa bila kunyonywa. Sehemu ya kwanza ya sentensi hiyo ni sera yenu ya fedha, na sehemu ya pili ni mifumo yenu ya malipo. Zote mbili ziko mezani kwenu, si kwa Nakamoto.

Mabenki yatawaambia kwamba kushusha ada kutaua huduma kwenye njia zenye wateja wachache. Waulizeni wawaonyeshe hesabu za njia hizo, moja moja, pamoja na faida ya ubadilishaji. Wakiwaonyesha na ikawa kweli, nitakuwa wa kwanza kukubali kwamba njia hiyo inahitaji ruzuku badala ya adhabu. Wakikataa kuzionyesha, mtakuwa mmejibiwa.

Nasubiri ule waraka wa bei.

Wenu katika kazi,
Mhasibu wa malipo ya nje